Wanataka Kununua Hewa ya Shamba? Mambo ya Kujua Kabla Mzazi Wako Ocha Hajapiga Sahihi

Jumapili moja jioni mjomba wangu alinipigia simu kutoka ocha, Kitui. Mjomba huwa hapigi. Huwa anatuma ile meseji ya "nipigie tafadhali" halafu anangoja. Sasa akipiga na kredo yake, jua kuna jambo.

"Mjomba, wewe si uko huko Nairobi unaandikaandika? Kuna watu walikuja hapa na gari kubwa. Wanasema wanataka kununua hewa ya shamba langu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa ameachiwa karatasi 14 za Kizungu, na picha ya mti mzuri pale juu. Binamu yangu akazipiga picha na kunitumia moja moja. Nilipofika ukurasa wa sita nikaacha kucheka. Mkataba ulikuwa wa miaka 30. Mjomba ana miaka 61. Yaani siku unaisha atakuwa na miaka 91 kama Mungu atampa uzima, na kama hatakuwepo, watakaobaki wakiufuata ni watoto wake, ambao hakuna aliyewauliza kitu.

Na kuna kitu kingine. Shamba la mjomba lina ua wa jatrofa upande wa barabarani. Aliupanda 2008, wakati watu wengine na gari lingine kubwa walikuja na story kwamba mbegu zake zitakuwa mafuta ya magari na kila mtu ataomoka. Mbegu zilikomaa. Gari halikurudi. Leo kazi ya ile miti ni kuzuia mbuzi, na mbuzi wenyewe hawaili.

Basi nikakaa chini nikasoma, kwa sababu hii biashara ya kaboni na mimea ya mafuta imerudi kwa kishindo, na wazazi wetu ndio wenye mashamba. Wacha nikupe rada.

Krediti ya kaboni ni nini hasa?

Hii si kredo ya simu, lakini mfano unasaidia. Krediti moja ya kaboni inasimamia tani moja ya hewa ukaa ambayo haikuingia angani, au iliyotolewa angani ikahifadhiwa kwenye mti, udongo au matope ya mikoko. Tani moja, krediti moja.

Nani ananunua? Kampuni ambazo shughuli zao zinachafua hewa na zinataka kusema zimefidia: za ndege, za mafuta, za teknolojia, hata za burudani. Kwa mfano, wewe ukiwa keja umejifunika unacheki series zako, Netflix ni kati ya kampuni zilizowahi kununua krediti kutoka mradi wa malisho huko kaskazini mwa Kenya. Meta, wenye Facebook na WhatsApp, pia walinunua huko huko. Yaani kabla mjomba ajue kama hewa inauzwa, app unazotumia kila siku zilikuwa tayari sokoni.

Lakini huwezi kuamka tu na kusema, "Nina miti 200, nipeni chapaa." Lazima kuwe na shirika la viwango linalosema hizo tani ni za kweli. Majina makubwa ni Verra ya Marekani, Gold Standard ya Uswisi na Plan Vivo ya Scotland. Wakaguzi wanakuja, wanapima, wanaandika ripoti, kisha krediti zinasajiliwa na kuuzwa. Kuna wapimaji, wanasheria, wakaguzi na madalali, na kila mmoja anakula kabla ya pesa kufika kijijini.

Ili krediti iwe halali, kuna maswali matatu ambayo mradi lazima uyajibu.

La kwanza: je, bila huu mradi mambo yangekuwaje? Kama msitu wako haukuwa na hatari yoyote ya kukatwa, hujaokoa kitu. Huwezi kulipwa kwa kutoiba ng'ombe ambaye hukuwa na mpango wa kumwiba.

La pili: je, uharibifu umehamia kwingine? Ukikataza watu kuchoma makaa msitu huu, wakavuka mto wakachomea msitu ule, anga haijaona tofauti.

La tatu: je, hiyo kaboni itabaki hapo? Mti ukichomeka au ukikatwa mwaka wa tano, hewa yote inarudi juu. Ndiyo maana mikataba ni ya miaka 20, 30 na zaidi. Ule muda mrefu uliomshtua mjomba ndio mnunuzi analipia.

Shida ni kwamba hayo maswali mara nyingi hujibiwa kwa makadirio. Januari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza, pamoja na Die Zeit la Ujerumani na SourceMaterial, walichapisha uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya krediti za misitu ya mvua walizochunguza, zilizoidhinishwa na Verra, huenda hazikuokoa kaboni yoyote ya maana. Verra walipinga vikali. Lakini wanunuzi waliogopa, na soko likayumba.

Kumbuka hapo: soko likiyumba London, anayeisikia ni mama wa kijijini.

Gazi: mahali ambapo hii kitu imeonekana kwa macho

Ili usidhani kila kitu ni story za jaba, twende Kwale. Kwenye ghuba ya Gazi kuna mradi unaitwa Mikoko Pamoja, wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI. Ulianza kuuza mwaka 2013 na unatajwa kama mradi wa kwanza wa jamii duniani kuuza krediti za mikoko. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Eneo lake ni hekta 117. Krediti ni kama 3,000 kwa mwaka, chini ya viwango vya Plan Vivo. Pesa zimeingia kwenye maji ya kijiji, vitabu na majengo ya shule, na kupanda mikoko zaidi. Wanakijiji wenyewe, kupitia kamati yao, ndio wanaamua zitumike wapi. Na lile swali la pili hawakulikwepa: watu wanahitaji nguzo za kujengea na kuni za kupikia, kwa hivyo mradi ulipanda mivinje ili mtu asilazimike kuingia kwenye mikoko usiku na panga.

Huo mfano ulifanya vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, kuanzisha mradi wao, Vanga Blue Forest, wenye hekta zaidi ya 400.

Sasa toa kalamu, tupige hesabu.

Krediti 3,000 ukigawa kwa hekta 117 unapata kama 25 kwa hekta, yaani kama 10 kwa ekari. Na hiyo ni mikoko, mmoja wa misitu inayohifadhi kaboni nyingi zaidi kwa eneo. Shamba kavu la Kitui halikaribii hapo.

Tuseme, kwa mfano tu, kila krediti inauzwa dola 5 na dola ni shilingi 130. Ekari moja ya mikoko italeta dola 50, yaani shilingi 6,500 kwa mwaka, kabla ya kulipa mtu yeyote. Tuseme jamii inapata asilimia 40 ya hiyo, na tusahau gharama kabisa: ni shilingi 2,600 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, ni kama shilingi 217 kwa mwezi.

Bei ikipanda hadi dola 10, zidisha mara mbili. Bado kwa mwezi hujafika bei ya gunia la mahindi.

Hii haimaanishi Gazi walichezwa. Gazi ni msitu wa wote. Hakuna mtu aliyeacha kulima mahindi yake ili mkoko ukue. Hela ndogo ya mtu mmoja, ikikusanywa pamoja, inakuwa bomba la maji la kijiji kizima. Lakini kama mtu anakuja kwa mzee mmoja mwenye ekari sita na kumwambia hewa itasomesha wajukuu wake hadi chuo, mwulize akupigie hiyo hesabu mezani, chai ikiwa moto.

Mbegu za mafuta: tulishawahi kuona hii sinema

Upande wa pili wa hii biashara ni mimea ya mafuta. Mara nyingi kampuni moja inafanya vyote viwili: inapanda mmea wa kutoa mafuta, inasema mafuta hayo yatachukua nafasi ya dizeli, kisha inataka kuuza na krediti za kaboni juu yake.

Kati ya 2005 na 2009 dunia nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya jatrofa, ule mmea wetu wa ua ambao Pwani wanauita mbono. Wasee walisema unaota mahali pakavu, hautaki maji mengi, haushindani na chakula kwa sababu mbegu zake ni sumu, na mafuta yake yanaendesha injini. Yote hayo ni kweli kwa kiasi fulani. Kitu hawakusema ni kwamba kuota si kuzaa. Mmea unaweza kuishi kwenye ukame bila kukupa mbegu za kujaza hata debe.

Mwisho wa 2009 shirika la Ujerumani la GTZ, pamoja na World Agroforestry, KEFRI na Endelevu Energy, walitoa ripoti baada ya kutembelea wakulima wa jatrofa hapa Kenya. Jibu lilikuwa baya: mavuno yalikuwa chini sana na mkulima mdogo alikuwa anapata hasara. Ushauri wao ulikuwa kwamba usiupande kama zao la shamba. Upande kama ua tu.

Mjomba hakusoma hiyo ripoti, lakini aliitekeleza.

Kesi kubwa zaidi ilikuwa Dakatcha, bara ya Malindi. Kampuni inaitwa Kenya Jatropha Energy, yenye wenyewe Italia, ilitaka hekta 50,000 za jatrofa. Hapo si jangwa. Ni msitu wa miombo na mibambakofi, makao ya ndege aina ya kwera anayepatikana kaunti ya Kilifi peke yake duniani, na nyumbani kwa maelfu ya watu ambao wengi hawakuwa na title za ardhi wanayolima.

Mashirika ya ActionAid na RSPB yakaagiza utafiti. Matokeo yake, mwaka 2011, yalikuwa ya kushangaza: ukihesabu msitu utakaofyekwa, mafuta ya jatrofa kutoka Dakatcha yangetoa hewa chafu kati ya mara 2.5 na mara 6 zaidi ya mafuta ya kawaida ya petroli na dizeli. Yaani unakata msitu ili kuokoa anga, na anga inaishia pabaya zaidi. Wenyeji walipiga kelele, wanaharakati wakapiga kelele, na mwaka 2012 NEMA ikakataa mradi.

Karibu na hapo, kwenye delta ya Tana, Bedford Biofuels ya Canada nayo ilikuwa imepata kibali cha kuanza na hekta 10,000 za jatrofa. Mradi haukufika mbali kabla ya kampuni kuishiwa.

Angalia nani alibaki na nini. Kampuni ikianguka, inafunga ofisi na wenyewe wanarudi kwao. Aliyeacha kupanda pojo msimu mzima akingojea bei ya jatrofa hana pa kurudi. Yuko tayari kwao.

Sasa jina limebadilika, ni mbarika

Wimbi la sasa lina nguvu zaidi kwa sababu safari hii kuna mnunuzi mkubwa na kuna sheria inayomsukuma. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia 2025 mafuta ya ndege kwenye viwanja vyao yawe na angalau asilimia 2 ya mafuta safi, na ifike asilimia 6 mwaka 2030. Hayo mafuta lazima yatoke mahali.

Eni, kampuni kubwa ya mafuta ya Italia, ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni mwaka 2022, na mwaka huo huo shehena ya kwanza ya mafuta ikaondoka bandari ya Mombasa kuelekea kiwanda chao cha Gela, Sicily. Wanakamua mbarika, ule mmea wa mafuta ya kasta, pamoja na mbegu za pamba na za mkrotoni. Mei 2023 Kenya Airways ikarusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta safi kutoka kwa Eni. Picha zilikuwa moto.

Eni wanasema mbegu hulimwa kwenye ardhi iliyochoka au kwa kupokezana na mazao mengine, ili isishindane na chakula. Lakini mwaka 2024 shirika la Ulaya la Transport & Environment liliripoti kwamba kulikuwa na wakulima Kenya waliosema mavuno yalikuwa duni na hawakuona faida waliyotarajia.

Tofauti na jatrofa, hapa kiwanda kipo na meli imeonekana. Hiyo si kitu kidogo. Lakini swali la mkulima ni lile lile: mvua ikikosa, hasara ni ya nani? Mbegu zikija kuwa nyingi, bei inapangwa na nani? Kama mnunuzi ni mmoja peke yake eneo zima, yeye ndiye soko. Na mbarika, kama jatrofa, haiingii sufuria. Mahindi yakikosa bei utakula ugali. Mbarika ikikosa bei utaiangalia tu, na uwaweke watoto mbali nayo maana mbegu zake ni sumu.

Kaskazini: karatasi ilipofika kortini

Turudi kwa ule mradi wa kina Netflix. Unaendeshwa na Northern Rangelands Trust, NRT, kwenye hekta karibu milioni 1.9 za malisho, kaunti kama Isiolo, Samburu, Marsabit na Laikipia. Wazo ni hivi: wafugaji wakibadilisha jinsi ya kuhamisha mifugo, nyasi zinarudi na udongo unahifadhi kaboni zaidi.

Machi 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti likidai kwamba mradi unavuruga mila za malisho na kwamba jamii hazikuelezwa vizuri wanachouza. NRT wamekana madai hayo. Verra wakausimamisha ili kuuchunguza, baadaye wakauachilia. Kisha Januari 2025 mahakama ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili za jamii kwenye kaunti hiyo zilianzishwa bila kufuata katiba na bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Kesi ilikuwa ya wakazi wenyewe.

Hapo ndipo somo lilipo. Unaweza kuwa na nyasi kweli, udongo kweli na wapimaji wa nguvu. Kama mwenye ardhi hakuulizwa vizuri mwanzoni, krediti zote zinasimama kwenye mchanga.

Sheria inasemaje sasa?

Tarehe 1 Septemba 2023, siku chache kabla ya mkutano mkubwa wa tabianchi pale KICC, Rais Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Kanuni za soko la kaboni zikafuata 2024. Mambo ya kushika ni haya.

Mradi wa ardhi lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita. Mradi usio wa ardhi, kama wa majiko, ni asilimia 25. Lakini soma taratibu: ni baada ya kutoa gharama za biashara. Kwa hivyo anayeandika gharama ndiye anayeamua kama 40 yako ni ya mkate mzima au ya makombo. Dai kuona vitabu.

Mradi lazima ufanyiwe tathmini ya mazingira na usajiliwe kwenye rejista ya kitaifa. Anayeuza krediti bila idhini au kudanganya kwa makusudi anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi milioni 500 au kifungo cha hadi miaka 10.

Kama ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa mwekezaji upitishwe na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima kwenye mkutano wao. Chifu na wazee watatu waliopelekwa hoteli si mkutano.

Na hapa ndipo wengi wataingia box: huo mkataba wa maendeleo ya jamii umelenga ardhi ya umma na ya jamii. Kama shamba ni lako binafsi na title iko kabatini, usilale ukidhani asilimia 40 itajileta. Kitakachokulinda ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi utakayotia sahihi.

Maswali saba ya kuuliza mbele ya chai

Hii nilimtumia mjomba. Screenshot umtumie mzazi wako, na umsomee kwa lugha ya nyumbani kama Kiswahili kinamlemea.

1. Mkataba ni wa miaka mingapi, na nikifa nani anabaki nao?

2. Naruhusiwa kufanya nini shambani mwangu? Kukata mti wa kujengea, kulisha mbuzi, kumgawia kijana wangu pa kujenga, kuweka title benki?

3. Nalipwa lini na kwa hesabu gani? Nionyeshe kwa shilingi kwa ekari, si kwa dola kwa mradi mzima.

4. Kama ni mbegu, bei ya chini kabisa imeandikwa wapi? Na deni la mbegu na mbolea mliyonipa linalipwaje mvua ikikosa?

5. Mmesajiliwa wapi? Nipe jina la mradi kwenye rejista ya kitaifa na cheti cha NEMA, kijana wangu atakiangalia.

6. Mkianguka au mkiuza kampuni, mkataba unaenda wapi? Unaisha au nauziwa mtu nisiyemjua?

7. Nikiwa na malalamiko naenda kwa nani ambaye si nyinyi? Hili si swali la bure. Mradi wa Kasigau, Taita Taveta, ulisifiwa mwaka 2011 kwa kuwa wa kwanza duniani kupata krediti za kulinda msitu chini ya viwango ambavyo leo viko kwa Verra. Novemba 2023 ripoti ya KHRC na SOMO ilieleza madai mazito ya dhuluma za kingono dhidi ya baadhi ya wafanyakazi wa kampuni inayouendesha. Mahali ambapo mwajiri, mlinzi na mpokeaji malalamiko ni mtu mmoja, watu hunyamaza.

Na la nyongeza: usitie sahihi siku hiyo hiyo. Mtu mwenye nia njema anaweza kungoja wiki mbili. Mpelekee wakili, au afisa wa ardhi wa kaunti, au hata mwalimu mstaafu anayejua Kizungu cha mikataba.

Mjomba aliamua nini?

Wale watu walirudi Jumanne. Mjomba akawatandikia mkeka chini ya mwembe, akawapa chai, kisha akatoa daftari na kuanza kuuliza swali moja moja. Swali la kwanza walijibu vizuri. La pili wakaangaliana. La tatu wakasema watampelekea mkubwa wao Nairobi. Walipofika la nne, mjomba akawaonyesha kwa kidole ule ua wa jatrofa na kuwauliza kama wanaujua huo mti.

Yule kijana mmoja akasema hapana, ni mti gani?

Mjomba akaniambia hapo ndipo aliamua hatatia sahihi siku hiyo. Hajasema hatawahi. Kuna kikundi cha wakulima wenzake 40 hivi wanaopanga kukutana ili, kama ni kuongea na kampuni, waongee wakiwa pamoja na wakili mmoja, si kila mzee peke yake kwake jioni. Karatasi 14 ziko kwenye sanduku pamoja na title.

Mbuzi, hadi sasa, hawajapita ule ua.

Je, kwenu ocha wamefika? Waliahidi nini, na mzazi wako alisemaje? Tuambie.